Gesi isiyo na harufu: namna chembe za nano zinavyotambua uvujaji, na maana yake kwa wananchi wa Kibiti na delta ya Rufiji

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kuelekea Lindi kwa barabara ya kusini hupita Mkuranga, Bungu, Kibiti na Ikwiriri, kisha huvuka Mto Rufiji katika Daraja la Mkapa. Wakati yeye anaelekea kusini, gesi asilia inaelekea kaskazini, chini ya ardhi, ndani ya mabomba ya chuma. Bomba la kwanza, lenye kipenyo cha inchi 16, lilianza kufikisha gesi ya Songo Songo katika mitambo ya Ubungo mwaka 2004. La pili, la inchi 36, linalomilikiwa na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC), lilizinduliwa Oktoba 2015. Linaanzia Madimba mkoani Mtwara, linapokea tawi la Songo Songo pale Somanga Fungu wilayani Kilwa, na linaishia Kinyerezi baada ya safari ya zaidi ya kilomita 500. Kabla ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha umeme mwaka 2024, gesi ya mabomba hayo ndiyo iliyokuwa chanzo kikuu cha umeme wa gridi ya Taifa.

Mwananchi anayelima mpunga, mhogo au korosho karibu na mkuza wa bomba anazifahamu alama za tahadhari zilizosimikwa juu ya ardhi, na anafahamu kwamba haruhusiwi kujenga wala kuchimba ndani ya mkuza huo. Jambo ambalo halijaelezwa vya kutosha ni lile linalohusu gesi yenyewe: kwamba haina rangi wala harufu. Gesi ya Songo Songo ni methani kwa zaidi ya asilimia 95, na methani safi mtu anaweza kuivuta puani bila kujua kwamba ameivuta. Inapofikia asilimia 5 ya hewa iliyomo chumbani, cheche moja inatosha kuilipua. Ikizidi asilimia 15 haiwaki, kwa kuwa hewa iliyobaki haitoshi kuiunguza, lakini chumba kinapofunguliwa na hewa mpya kuingia, hurudi katika kiwango cha hatari.

Pua ilivyo shahidi dhaifu

Harufu kali inayosikika jikoni mtungi unapovuja si ya gesi. Ni ya kemikali yenye salfa iliyoongezwa kwa makusudi ili mtumiaji apate onyo. Desturi hiyo ilienea baada ya msiba wa tarehe 18 Machi 1937 katika mji wa New London, jimbo la Texas nchini Marekani, ambako gesi asilia isiyo na harufu ilijikusanya chini ya sakafu ya shule, ikalipuka, na kuua takriban watu 300, wengi wao wakiwa wanafunzi. Tangu hapo sheria za nchi nyingi zinataka gesi inayopelekwa kwa watumiaji itiwe harufu kwa kiasi ambacho mtu wa kawaida ataisikia gesi ikiwa bado imefikia takriban sehemu moja tu ya tano ya kiwango cha kulipuka. Kwa mabomba makuu yanayosafirisha gesi masafa marefu, kanuni hiyo haitumiki kila mahali duniani.

Hata pale harufu ilipowekwa, haiaminiki nyakati zote. Gesi inayovuja chini ya ardhi na kupenya katika udongo huweza kuachwa na harufu yake njiani, kwa sababu chembe za udongo huzinasa kemikali za salfa na kuiachia methani iendelee na safari. Pua nayo huchoka. Aliyekaa ndani ya harufu kwa muda huacha kuisikia, ilhali anayeingia kutoka nje huisikia mara moja.

Katika delta ya Rufiji kuna tatizo lingine, la kipekee kidogo. Misitu ya mikoko ya delta hiyo, yenye ukubwa wa takriban hekta 53,000, imesimama juu ya tope lisilo na hewa. Ndani ya tope hilo bakteria huozesha majani na mizizi kwa kutumia salfeti iliyomo katika maji ya bahari, na taka ya kazi hiyo ni gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu. Maji yakipwa, wakazi wa Salale, Mbwera au Kiongoroni huisikia bila kushangaa. Pua ya binadamu huitambua gesi hiyo hata ikiwa chini ya sehemu moja katika sehemu milioni moja za hewa. Mtu aliyezoea harufu ya salfa kila maji yanapokupwa hawezi kulaumiwa akiipuuza siku ambayo chanzo chake si tope.

Waendeshaji wa mabomba hawategemei pua. Shinikizo na mtiririko wa gesi husomwa kwa mitambo na kutumwa katika vyumba vya udhibiti, vituo vya valvu vilivyojengwa njiani huweza kufunga kipande cha bomba, na wakaguzi hupita katika mkuza. Njia hizo huugundua upesi mpasuko mkubwa. Tundu dogo ni kesi tofauti: gesi inayopotea ni kidogo mno ikilinganishwa na inayopita, na saa za shinikizo hazionyeshi badiliko lolote. Hapo ndipo kinapohitajika chombo kinachoweza kuinusa hewa yenyewe.

Bati, oksijeni na umeme

Chombo hicho huitwa kitambuzi cha gesi, na aina iliyoenea zaidi majumbani duniani imetengenezwa kwa oksidi ya bati. Bati linalosemwa hapa si lile la kuezekea, ambalo ni chuma kilichopakwa zinki, bali ni madini ya bati kama yale yanayochimbwa Kyerwa mkoani Kagera. Yakiunganishwa na oksijeni huwa unga mweupe ambao haupitishi umeme vizuri kama shaba, wala hauuzuii kabisa kama plastiki. Tabia hiyo ya katikati ndiyo inayoufaa kwa kazi ya kunusa.

Unga huo hutandazwa juu ya kigae kidogo, mara nyingi kidogo kuliko ukucha, na kupashwa moto wa nyuzijoto kati ya 200 na 400 za Selsiasi kwa waya mwembamba ulio chini yake. Katika joto hilo, oksijeni ya hewani hujibandika juu ya kila chembe ya oksidi ya bati na kuzishika baadhi ya elektroni zake. Elektroni ndizo zinazobeba umeme. Zikishikwa, umeme hupita kwa shida. Ikija methani, au gesi nyingine inayoweza kuungua, hukutana na oksijeni ile juu ya chembe na kuungana nayo, na mazao yake, mvuke wa maji na kaboni dioksidi, huruka na kuondoka. Elektroni zilizokuwa zimeshikwa huachiwa na kurudi ndani ya chembe. Umeme sasa unapita kwa urahisi zaidi, na badiliko hilo, linalopimwa na sakiti ndogo, ndilo linalowasha king'ora. Hewa ikisafika, oksijeni hurudi mahali pake na kitambuzi huwa tayari tena.

Msingi wa jambo hili ulielezwa mwaka 1962 na Tetsuro Seiyama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu nchini Japani, waliotumia oksidi ya zinki. Mwaka huohuo Mjapani mwingine, Naoyoshi Taguchi, aliomba hataza ya kitambuzi cha aina hiyo, na mwishoni mwa miaka ya 1960 vitambuzi vyake vya oksidi ya bati viliingia sokoni. Japani ya wakati ule ilikuwa na sababu: familia nyingi zilikuwa zimehamia katika mitungi ya gesi, na milipuko ya majumbani ilikuwa imeongezeka. Hali hiyo si ngeni kwa msomaji wa Tanzania, ambako Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024 na Rais Samia Suluhu Hassan, unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati safi ifikapo mwaka 2034.

Neno nano linapoingia

Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni elfu moja ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa takriban nanomita 80,000 hadi 100,000. Chembe yoyote ambayo angalau upande mmoja wake haufiki nanomita 100 huhesabiwa kuwa ya nano, na udogo huo hauwi sifa ya kupendeza tu. Hubadili tabia ya kitu.

Sababu ya kwanza inafahamika kwa kila aliyewahi kuanika mhogo. Makopa huchukua siku kadhaa kukauka, ilhali unga uleule ukitandazwa hukauka upesi, kwa kuwa sehemu iliyo wazi kwa hewa ni kubwa zaidi. Mchemraba wa oksidi ya bati wenye upande wa sentimita moja una eneo la nje la sentimita za mraba 6. Ukikatwa kuwa michemraba midogo yenye upande wa nanomita 10, eneo lote kwa pamoja hufikia mita za mraba 600, ambalo ni kiwanja cha kujenga nyumba ya familia pamoja na ua wake. Kwa kuwa gesi hunuswa juu ya uso wa chembe na si ndani yake, kila eneo linaloongezeka ni nafasi ya ziada ya kukutana na gesi.

Sababu ya pili ni ya ndani zaidi, nayo ndiyo yenye uzito. Oksijeni inaposhika elektroni za chembe, huzishika katika tabaka la nje tu, lenye kina cha takriban nanomita 3 kwa oksidi ya bati. Katika chembe kubwa tabaka hilo ni kama ganda jembamba. Kiini kinabaki na elektroni zake na umeme unaendelea kupita kana kwamba hakuna kilichotokea. Chembe ikipunguzwa hadi nanomita 6, ganda la upande mmoja hukutana na ganda la upande wa pili na kiini hutoweka. Chembe nzima sasa inatii gesi iliyo nje yake. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1991 na kikundi cha Noboru Yamazoe, pia cha Kyushu, kilichopima chembe za ukubwa mbalimbali na kuona mwitikio ukipanda ghafla zilipokaribia ukubwa huo.

Methani hata hivyo ni gesi ngumu. Molekuli yake ni kaboni moja iliyozungukwa na haidrojeni nne kwa ulinganifu kamili, na vifungo vyake ni imara. Haishikani kirahisi na kitu chochote. Kwa hiyo watengenezaji hunyunyiza juu ya oksidi ya bati chembe ndogo zaidi za paladiamu, madini ya thamani yanayosaidia kuvunja vifungo hivyo. Bila msaada huo kitambuzi cha kawaida huisikia pombe ya jikoni au mvuke wa rangi ya ukutani kabla ya kuisikia methani.

Tope linapotoa gesi ileile

Katika nchi kavu, kupata methani karibu na bomba ni dalili inayoeleweka. Katika bonde la chini la Rufiji mambo hayako wazi hivyo, kwa kuwa methani ya asili ipo. Mahali penye maji ya bahari, bakteria wa salfeti hutawala na kuizuia kwa kiasi kikubwa. Kadiri mtu anavyopanda kuelekea maji baridi, kwenye mabwawa ya pembeni ya mto, majaruba ya mpunga na madimbwi yanayobaki baada ya mafuriko kama yale ya Aprili 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti, salfeti hupungua na vijidudu watengenezao methani hupata nafasi. Mapovu yanayopanda juu ya maji yaliyotuama mara nyingi ni kazi yao.

Kitambuzi kinachosema tu kwamba methani ipo hakiwezi kueleza imetoka wapi. Kuna ushahidi mmoja unaosaidia sana: ethani. Gesi asilia iliyopikwa ndani ya miamba kwa mamilioni ya miaka huja na kiasi kidogo cha ethani, ndugu wa methani mwenye kaboni mbili. Gesi iliyotengenezwa na vijidudu wa topeni juzi na jana karibu haina ethani kabisa. Mkaguzi aliyekutana na mapovu karibu na mkuza akipima gesi zote mbili anaweza kueleza kama anatazama kinamasi au bomba. Kipimo hicho kwa sasa hufanywa kwa vyombo vya mwanga wa leza au kwa sampuli iliyopelekwa maabara. Kitambuzi kidogo, cha bei nafuu, kinachoweza kutofautisha methani na ethani katika hewa yenye unyevu kingekuwa faida kubwa kwa mazingira kama haya, na ni mojawapo ya malengo ambayo utafiti wa nano duniani haujayafikia vizuri.

Unyevu huo unastahili kuelezwa peke yake, maana ndiyo kasoro kuu ya vitambuzi vya oksidi. Mvuke wa maji hugombea nafasi ileile ambayo oksijeni hujibandika juu ya chembe. Hewa ya Nyamisati alfajiri ya masika na hewa ya Dodoma mwezi wa Agosti, hata zikiwa na kiasi kilekile cha gesi, zitatoa majibu mawili tofauti kutoka kwa kitambuzi kimoja. Chumvi ya bahari hula nyaya na viungio. Haidrojeni salfaidi nayo, ikizidi, hujibandika juu ya paladiamu na kuilemaza, kiasi kwamba kitambuzi kinabaki kimewaka taa ya kijani huku uwezo wake wa kunusa umepungua. Chombo kilichothibitishwa katika maabara ya nchi yenye hewa kavu kinahitaji kupimwa upya hapahapa pwani kabla ya kuaminiwa, na hilo si jambo la kujadiliana na muuzaji.

Kinywe na kaboni

Oksidi za metali zinahitaji moto, na moto unahitaji umeme. Kitambuzi kinachotakiwa kukaa porini kwa miezi kikitumia betri ndogo hakiwezi kujipasha nyuzijoto 300 muda wote. Ndiyo maana watafiti wamegeukia kaboni. Mwaka 2000, kikundi cha Hongjie Dai cha Chuo Kikuu cha Stanford kilionyesha kwamba mrija mmoja wa kaboni wa kipimo cha nano hubadili upitishaji wake wa umeme ukiguswa na amonia au nitrojeni dioksidi, katika joto la kawaida la chumba. Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliweza kubandua kutoka katika kinywe utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja tu, unaoitwa grafini, wakitumia utepe wa kunata wa kawaida. Walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2010. Katikati ya hapo, mwaka 2007, walitangaza kwamba grafini ilikuwa imeisikia molekuli moja moja ya gesi ikishuka juu yake na kuondoka.

Kinywe ni madini ambayo Tanzania inayo kwa wingi, Mahenge mkoani Morogoro na katika maeneo kadhaa ya mikoa ya Lindi na Mtwara. Isidhaniwe kwamba kuwa na kinywe ni kuwa na vitambuzi. Kati ya jiwe na utando wa atomu moja kuna viwanda, maabara na wataalamu wengi. Lakini sayansi hii haiko mbali na Watanzania kama jina lake linavyofanya ionekane. Mwaka 2015, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, kwa chujio la maji linalotumia nyenzo za nano na kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Wazo la kurekebisha nyenzo kulingana na mahali ndilo linalohitajika katika vitambuzi vya pwani.

Matumizi mengine katika delta yanaweza kutajwa kwa kifupi. Samaki na kamba wanapoanza kuharibika hutoa amonia na gesi nyingine za jamii yake, nazo ni miongoni mwa gesi ambazo nyenzo za kaboni huzisikia vyema; eneo linaloishi kwa uvuvi wa kamba lina sababu ya kufuatilia utafiti huo.

Mtungi si bomba

Kwa familia nyingi za Kibiti, gesi iliyo karibu zaidi ni ile ya mtungi, na hapa kuna tofauti ambayo mara kwa mara husahaulika. Gesi ya bomba ni methani, ambayo uzito wake ni takriban nusu ya uzito wa hewa. Ikivuja ndani ya nyumba hupanda darini. Gesi ya mtungi ni propani na butani, ambazo ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu hadi mara mbili. Ikivuja hushuka, hutambaa sakafuni kama maji, na hukaa mahali palipo chini. Huanza kuwa na uwezo wa kulipuka ikifikia takriban asilimia 2 tu ya hewa, yaani mapema kuliko methani.

Kitambuzi kilichotengenezwa kwa methani na kufungwa karibu na dari hakitamsaidia mtumiaji wa mtungi mpaka gesi iwe imejaa chumbani. Cha mtungi hufungwa karibu na sakafu, sentimita chache juu yake, mbali na mlango na mbali na mvuke wa sufuria. Mnunuzi asome maandishi yaliyo kwenye chombo aone kimekusudiwa gesi ipi, aangalie alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, na atazame tarehe ya kutengenezwa, maana kipande cha kuhisia huzeeka hata kikiwa hakijatumika. Kitufe cha majaribio kilicho juu ya vitambuzi vingi hupima betri na king'ora tu. Hakithibitishi kwamba kitambuzi bado kinanusa.

Vijiji vya delta hupokea mitungi kwa njia ya maji, na chombo cha majini ni mahali pabaya pa kuvujia gesi nzito. Sakafu ya mashua ni bakuli lisilo na tundu. Gesi ikidondoka humo haina pa kutokea, na injini iko palepale. Mitungi ipakiwe ikiwa imesimama wima, imefungwa isigongane, valvu zikiwa na vifuniko vyake, mahali palipo wazi kwa upepo na mbali na injini. Na injini isiwashwe kabla ya mtu kukagua sehemu ya chini ya chombo. Hili halihitaji nano wala betri.

Kwa wanaoendelea kutumia mkaa, gesi ya kuogopwa ni kaboni monoksaidi, nayo pia haina harufu. Jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa mvua huitoa kimyakimya, na dalili zake, kuumwa kichwa, kichefuchefu na usingizi mzito, hudhaniwa kuwa malaria. Kitambuzi cha gesi ya mtungi hakikutengenezwa kwa ajili yake, na cha kwake huuzwa peke yake. Jiko hilo halipaswi kulala ndani na watu.

Mwananchi anapoona dalili karibu na mkuza

Bomba lililozikwa likivuja huacha alama ambazo jicho na sikio huziona kabla ya pua: mlio wa kufoka kutoka ardhini, vumbi linalorushwa bila upepo, mapovu yasiyokoma mahali pamoja katika maji yanayopita juu ya bomba, au kiraka cha majani yaliyokauka katikati ya majani mabichi, kwa kuwa gesi huifukuza hewa iliyo kwenye mizizi. Baada ya mafuriko, mahali ambapo maji yamechimba udongo na kuliacha bomba wazi panapaswa kutolewa taarifa hata kama hapana dalili ya gesi.

Aliyeona mojawapo ya hayo asiwashe kiberiti, pikipiki wala jenereta, na asijaribu kufunga valvu yoyote. Aondoke akielekea upande unaotoka upepo, awazuie wengine na mifugo wasikaribie, kisha atoe taarifa kwa ofisi ya kijiji, kwa namba iliyoandikwa kwenye alama za mkuza, au kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114, ambayo hupigwa bila malipo. Simu nayo ipigwe baada ya kufika mbali. Ni chombo cha umeme kama vingine.